Mrija wa Upande wa Kulia

Kama unasoma haya ukiwa umekunja goti moja hadi kifuani kwa sababu ukilinyoosha unaumia, nakujua. Sijui jina lako, lakini najua unavyopumua. Mimi nilikaa hivyo siku nne au tano za kila mwezi tangu nikiwa darasa la nane hadi nilipofika miaka ishirini na sita. Sasa yamepita na nina nguvu za kuyaandika. Mambo ya kidaktari sitayafafanua sana, maana hata mimi siyajui yote. Nitaeleza yaliyonipata.

Naitwa Njoki. Nilizaliwa Waithaka, katika kipande cha shamba ambacho baba alirithi akakijenga vyumba vya kupangisha. Nilipoanza kuona mwezi, mama alinipa vitambaa, akanionyesha jinsi ya kuvifua na kuvianika chini ya leso ili baba asivione, na mazungumzo yakaishia hapo. Baada ya miezi michache nikaanza kuumwa. Wasichana wenzangu walilalamikia tumbo zima na kiuno. Mimi niliumwa mahali pamoja, chini kulia, padogo kiasi cha kufunikwa na kiganja.

"Kila mwanamke huumwa," mama aliniambia. Alikuwa anakatakata sukuma wiki na hakuinua uso. "Ukizaa itaisha."

Niliamini. Mama alikuwa amezaa watoto watano na hakuna aliyewahi kumsikia akilalamika. Nikajifunza kuficha. Nikajifunza kucheka kwa mdomo tu, bila kulitikisa tumbo.

Nilipomaliza shule nilipata kazi River Road, katika duka la uchapaji lililoko ghorofa ya kwanza juu ya duka la misumari na rangi. Tulichapa vitabu vya risiti, kadi za harusi na mitihani ya shule. Kazi yangu ilikuwa kupanga kurasa, kuzipiga stepla na kuzikata kingo. Mwenzangu pale alikuwa Achieng, mwanamke mnene wa maneno machache, aliyenizidi kama miaka kumi. Siku zangu mbaya zilipofika, Achieng alikuwa akinitazama mara moja usoni, kisha anasogeza mabunda ya karatasi nyuma ya mashine ya kukata na kusema, "Enda ulale huko. Tajiri akikuja nitakohoa." Nililala juu ya karatasi nyeupe ambazo hazijachapwa kitu, sakafu ikitetemeka kwa mashine. Hapakuwa na mahali pengine Nairobi nilipopumzika vile.

Barasa alikuja dukani kuchapisha kitabu cha risiti cha karakana yake. Alikuwa fundi wa mbao Riruta, anatengeneza vitanda na makabati. Kwao ni Webuye. Alikuwa mtu wa kupima kila kitu kwa macho kabla hajashika futi. Kitabu kilipokuwa tayari alirudi kusema kurasa hazikunyooka, na juma lililofuata akarudi tena kusema zilikuwa zimenyooka, yeye ndiye aliyekosea. Tulioana mwisho wa mwaka ule serikali ilipobadilika. Tukapanga chumba na sebule katika ploti moja ya wapangaji huko Riruta, nikawa nangoja kuzaa ili maumivu yaishe.

Mtoto hakuja. Maumivu nayo yakaacha kungoja mwisho wa mwezi. Yalikuwa yanakuja wakati wa kuinama, wakati wa kubeba maji, na wakati mume na mke wako pamoja. Mara ya kwanza nilipomsukuma Barasa alidhani amenikosea. Mara ya tano hakuuliza tena.

Nilienda kliniki ndogo karibu na stegi ya matatu. Mhudumu wa pale alikuwa kijana mwenye heshima, na sitamlaumu; alifanya alichofundishwa. Alinibonyeza chini kulia nikaruka. Akasema, "Hii ni infekshen ya mirija ya uzazi. Nitakupatia dawa. Na mzee pia lazima atumie, ama mtaambukizana tena." Akanipa bahasha mbili za kaki, moja imeandikwa jina langu, nyingine imeandikwa "Bwana".

Barasa alimeza zake zote, kila siku baada ya chai, bila neno. Nami nikameza zangu. Miezi miwili nilikuwa na nafuu, au nilijiambia hivyo. Kisha yakarudi, nami nikarudi kliniki, nikapewa bahasha mbili tena. Safari hii Barasa alikigeuza kidonge kwenye kiganja.

"Hii infekshen inatoka wapi?" aliuliza.

"Sijui."

"Inatoka kwa mtu, Njoki. Haitoki kwa hewa."

Alikimeza. Lakini usiku wake alilala ameelekea ukutani, na mimi nikaanza kufikiria wateja wake wanawake wanaokuja kupimisha makabati. Sikuwa na ushahidi wowote. Nilikuwa na bahasha tu.

Mara ya tatu ilikuwa mwaka ule matatu zote za nchi zilipopakwa mstari wa manjano. Niliweka bahasha yake mezani. Ndugu yake mkubwa alikuwa amekuja kutoka nyumbani, ameketi anakula. Barasa aliisoma ile bahasha, akaisukuma kando ya sahani.

"Mimi hii sinywi tena. Mimi sijaenda kwa mtu. Wewe je?"

Kama angeniuliza tukiwa wawili, pengine ningelia na mambo yangeishia hapo. Lakini aliniuliza mbele ya shemeji. Nikamjibu mbele ya shemeji pia. Nilisema maneno ambayo sitayaandika. Nilimtaja mwanamke wa lile duka la rangi chini ya kazini kwangu, alikokuwa akinunua misumari, ambaye hata sikuwa nimewahi kuzungumza naye. Nilisema kama kuna mtu ameleta uchafu katika nyumba ile, si mimi. Shemeji aliweka kijiko chini, akatoka nje. Barasa hakunipiga wala hakupaza sauti. Alikaa akiitazama meza, meza aliyoitengeneza mwenyewe, na baadaye akasema pole pole, "Basi tuachane kabla hatujauana."

Aliondoka juma lililofuata, katikati ya ile baridi ya Julai. Alichukua vifaa vyake, blanketi moja na redio. Vyombo vyote vya mbao aliniachia.

Nilirudi Waithaka. Baba alinifungulia chumba kimoja cha kupangisha na hakuniuliza chochote, nami namshukuru kwa hilo. Mama aliuliza sana. Kwake, ndoa haivunjiki bila mtu kuivunja, na kwa kuwa mkwe wake alikuwa mtu mpole, alinitazama mimi. Sikumweleza habari za bahasha. Ningezieleza kwa lugha gani? Kwa Kikuyu sikuwa na maneno ya kumwambia mamangu kitu kama hicho.

Miezi ile ilikuwa mirefu. Nilienda kazini, nikarudi, nikapika chai na kula mkate. Nilikonda mikono na uso, lakini tumbo likaanza kutokeza upande. Nikilala chali niliweza kushika kitu kama avokado chini ya ngozi. Majirani wa ploti waliona nguo inavyokaa. Jumapili moja nikitoka kanisani, mwanamke wa chumba cha tatu alinishika mkono akanong'ona, "Hongera. Mungu ni mwema, hata kama bwana ameenda." Nilisema asante. Niliingia ndani nikafunga mlango na sikutoka hadi Jumatatu asubuhi.

Hiyo ndiyo sehemu ambayo nataka uijue, wewe unayesoma. Maumivu ya mwili yana vipimo, yanapanda na kushuka. Lakini kuwa na kitu ambacho huwezi kukitaja, huku kila mtu akikipa jina lake, hilo halikupi mapumziko. Mume alikiita uzinzi. Kliniki ilikiita infekshen. Mama alikiita kiburi. Majirani walikiita mimba. Mimi mwenyewe, nikiwa peke yangu, nilikiita adhabu, ingawa sikujua ya kosa gani.

Januari, tukiwa na haraka ya kazi za shule, niliinama kuchukua bunda nikashindwa kuinuka. Nilitapika sakafuni. Safari hii Achieng hakusogeza mabunda. Alivua aproni yake, akanipangusa mdomo nayo, akamwambia tajiri, "Huyu nampeleka. Ukitaka kunifuta kazi, nifute nikirudi."

Alinipeleka kwa miguu, akiwa amenishika kiuno, hadi jengo moja katikati ya jiji ambalo orofa yake ya tatu ilikuwa na mashine za skani. Lifti ilikuwa imeharibika. Tulipanda ngazi tukipumzika kila baada ya ngazi sita. Juu palikuwa na benchi ndefu, na wanawake kama wanane wameketi, kila mmoja na chupa ya maji mkononi. Wahudumu walituambia tunywe hadi kibofu kijae ndipo tupigwe picha. Basi tuliketi pale sote tumebana miguu, hatuthubutu kucheka wala kukohoa. Wenzangu wote walikuwa wajawazito. Mmoja alikuwa na mumewe, anamshikia mkoba. Walipokuwa wakitoka walikuwa na karatasi ndogo ya picha nyeusi, wakiigeuzageuza kutafuta kichwa kiko wapi.

Aliyenipiga picha alikuwa mzee mwenye miwani na koti la kijani. Alinipaka ile dawa ya baridi, akatembeza mashine tumboni, akasimama pale kwenye avokado langu kwa muda mrefu. Kisha akapanda juu, kwenye mbavu za kushoto, akarudi kulia, akarudi tena kushoto.

"Mama," akasema, "hii figo ingine ilitolewa lini?"

"Figo gani?"

"Ya kulia."

"Mimi sijawahi kupasuliwa."

Akanitazama tumbo, akitafuta kovu. Hakuliona. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Nilikuwa naangalia kama huu uvimbe umebana njia ya mkojo," alisema. "Sasa naona hakuna figo upande huu. Na kama haikutolewa, basi ulizaliwa hivyo." Aliniinua kwa mkono, taratibu. "Mimi kazi yangu ni picha, si ugonjwa. Lakini nikuambie kama baba. Hii ripoti usipeleke kwa kliniki za kupeana vidonge tu. Peleka kwa daktari wa akina mama. Na umwambie maneno ya figo kwanza, hata kabla hujaketi."

Nilifanya alivyosema. Ilikuwa hospitali ya misheni upande huu wetu wa magharibi mwa jiji, na daktari wa akina mama alikaa siku za Jumatano. Nilingoja Jumatano mbili. Ya kwanza foleni iliisha kabla yangu. Ya pili niliingia saa nane mchana, nikasimama mlangoni nikasema, "Daktari, nina figo moja." Alikuwa mwanamke mfupi mwenye mvi za mbele. Aliacha kuandika. Aliniuliza ninaumwa upande gani, tangu lini, na kama maumivu yanafuata mwezi. Maswali matatu. Miaka kumi na miwili, na yalikuwa maswali matatu tu.

Alitaka picha nyingine, eksirei ya kutia dawa kwa njia ya uzazi. Sitakudanganya, inauma. Nenda na mtu wa kukushika mkono kama unaye. Mimi nilishika ukingo wa kitanda. Picha ilipotoka, palionekana upande wa kushoto tu, mwembamba, umepinda kama ndizi. Upande wa kulia ulikuwa giza tupu.

Daktari aligeuza fomu yangu akanichorea nyuma yake kwa kalamu. Alisema mji wa uzazi wa mtoto wa kike hujengwa kwa vipande viwili vinavyokuja kukutana katikati, vyangu havikukutana. Cha kushoto kilikua. Cha kulia kilibaki kidogo, kikajifunga peke yake, na figo ya upande ule haikuumbwa kabisa. Lakini kile kidogo hakikujua kwamba kimefungwa. Kila mwezi kilitoa damu kama kawaida, na kwa kuwa hapakuwa na njia ya kwenda chini, damu ilirudi nyuma ikaingia kwenye mrija. Mrija ndio uliovimba. Ndio nilioushika usiku nikilala chali.

"Kwa hivyo si infekshen?" niliuliza.

"Hapana."

"Hakuna mtu aliyeniambukiza?"

"Hakuna."

"Na mimi sikumwambukiza mtu?"

Aliweka kalamu chini. Nadhani alielewa kwamba swali lile halikuwa la hospitali. "Njoki, ulizaliwa nayo. Haina mtu wa kulaumiwa."

Nilimwomba aandike maneno hayo. Akayaandika chini ya mchoro, akatia sahihi na kupiga muhuri.

Ungefikiri nilitoka pale nikiruka. Nilitoka nikaketi kwenye ukuta mfupi nje ya geti, karibu na wauza ndizi, nikatoa simu. Nambari ya Barasa ilikuwa bado imo. Nilipiga ikalia mara moja, nikakata. Nilifikiria bahasha ya kaki iliyoandikwa "Bwana", na yule mwanamke wa duka la rangi niliyemtukana bila yeye kujua. Kama ningepata mtu wa kumlaumu, hata kama angekuwa ni mimi, ningejua pa kuanzia. Hapakuwa na mtu.

Jioni ile nilimwonyesha mama mchoro. Ilibidi, kwa sababu tarehe ya upasuaji ilikuwa imepangwa na mtu wa kutia sahihi alihitajika. Aliushika mbali na macho, kisha karibu. Nikamweleza kwa Kikuyu, nikitumia maneno ya nyumba na vyumba, kwa sababu nilikosa mengine. Alipitisha kidole juu ya mchoro mpaka chai ikapoa.

"Nilikula nini?" akasema.

"Nini, mami?"

"Nikiwa na mimba yako. Nilikula nini? Nilimeza dawa za malaria. Na siku moja niliteleza nikiwa na mzigo wa kuni, nikaanguka upande." Alijishika ubavu. "Upande huu."

Kumbe alikuwa akinisikiliza miaka yote. Alikuwa ameogopa tu kuuliza, asije akaambiwa ni yeye. Nilimwambia daktari alisema mambo haya hutokea mapema sana, mama hata hajajua kama ana mimba. Alitikisa kichwa kukubali, lakini sidhani aliamini. Tangu siku ile hakuniambia tena kwamba kila mwanamke huumwa.

Nilipasuliwa mvua za masika zilipoanza. Muuguzi aliyenijazia fomu aliuliza, "Bwana yuko wapi?" nikasema, "Andika mama." Mama alitia sahihi polepole, herufi moja moja, kama mtu anayeshona. Nilipoamka mdomo ulikuwa mkavu na upande wa kulia ulikuwa unauma, lakini kwa namna mpya, uchungu wa juu juu wa kisu, wenye mwanzo na mwisho. Daktari alikuja kesho yake. Waliondoa kile kipande kidogo pamoja na mrija wake, uliokuwa umejaa na umeanza kujisokota. Kifuko cha mayai walikiacha. Upande wa kushoto ulikuwa mzima. "Unaweza kushika mimba," alisema, "lakini usikae nyumbani ungoje. Ukikosa mwezi, siku hiyo hiyo uje tuone mtoto amekaa wapi. Na hiyo figo moja uitunze. Dawa za maumivu za dukani achana nazo." Nilikuwa nimezimeza kama peremende miaka kumi na miwili.

Wodi ilikuwa na vitanda kumi na viwili. Saa za kutazama wagonjwa, wageni walijaa, wakaimba na kuomba, wakafungua vyakula. Jirani yangu wa kushoto alikuwa na wageni hadi wanakaa kwenye kitanda changu, na walipoona bado niko peke yangu walinipakulia pilau. Achieng alikuja mara moja na salamu za tajiri, ambaye hakumfuta. Mama alikuja kila siku mvua ikimnyea, na uji kwenye thamosi. Siku ya tatu, bila kusema kitu, alipanda kitandani nyuma yangu, akanifumua nywele zilizokuwa zimeshikana, akanichana na kunisuka mistari. Hakuwa amenisuka tangu darasa la tano. Mvua ilipiga mabati na vidole vyake vilikuwa vikavu na vyepesi. Nililia, naye akaendelea kusuka.

Mwezi wa kwanza baada ya hapo niliungoja kama mtu anayengoja askari. Niliomba ruhusa kazini. Nilichemsha maji nikayaweka kwenye chupa, nikatandika kitanda, nikafunga pazia. Damu ikaja asubuhi. Nikalala, nikakunja goti. Saa nne, saa sita, saa nane. Kulikuwa na uzito kidogo kiunoni, basi. Nilinyoosha mguu. Nikaketi. Nje watoto walikuwa wanatoka shule. Nilikuwa na siku nzima mkononi na sikujua hufanyiwa nini. Nilitaka kumwambia mtu, na mtu niliyetaka kumwambia alikuwa mmoja.

Nikavaa sweta, nikachukua mchoro, nikatembea kwa miguu kutoka Waithaka hadi Riruta. Nilitembea nimenyooka.

Barasa alikuwa anapiga randa ubao wa mlango. Aliponiona aliacha, akakung'uta vumbi kwenye nguo. "Njoki. Sasa?"

"Poa."

"Umepona? Unaonekana vizuri."

Nikampa karatasi. Aliisoma akiwa amesimama, maneno kwanza, kisha mchoro. Aliutazama kwa macho yake yale ya kupima. Akaweka kidole juu ya kile kipande cha kulia.

"Hii haikuwa na mlango?"

"Haikuwa na mlango."

"Kwa hivyo wewe hukuwa..."

"Hapana. Na wewe pia hukuwa. Nilikusingizia mbele ya ndugu yako. Nimekuja kukuomba msamaha."

Aliketi juu ya gogo. Aliishika ile karatasi kwa mikono miwili. Kisha akasema, bila kuinua kichwa, "Njoki, mimi niko na mtu." Akapangusa vumbi gotini. "Tangu Disemba. Ako na mimba ya miezi minne."

Nilikuwa nimetembea njia nzima nikijiambia sitarajii kitu. Nilijidanganya. Lakini yeye alikuwa ameniambia ukweli mara moja, pale pale, hakuniacha nisikie kwa watu, nami nilimwambia asante, na nilimaanisha.

"Naomba hii karatasi," alisema. "Kuna vitu nilisema nyumbani juu yako. Nataka nionyeshe mama."

Nilifikiria. Kisha nikanyoosha mkono. "Huo ni mwili wangu, Barasa. Hautatembezwa Webuye. Yale ulisema ulisema na mdomo. Irekebishe na mdomo."

Akanirudishia. Nilitoka karakanani nikapita stegi, nikapita ile kliniki. Baridi ilikuwa imeshuka. Sikulia hadi nilipofika Waithaka.

Nilikaa nikijua hatafanya kitu. Watu huahidi mengi wakiwa na aibu. Wakati ule nilianza kwenda kliniki ya Jumatano kila baada ya miezi mitatu kuangaliwa figo, na pale kwenye benchi nikawa nauliza wasichana wanaokunja goti: unaumwa upande gani? Wengi wao ni wa kawaida, Mungu ashukuriwe. Lakini kama wewe ni upande mmoja, na dawa hazisaidii, omba skani, na uwaombe waangalie na figo. Usikubali bahasha ya tatu.

Jumamosi moja ya Agosti nilikuwa nafua nguo, simu ikalia, nambari nisiyoijua. Nilifuta povu mkononi.

"Njoki? Ni mama Barasa."

Mama huyu hakuwa amenisemesha tangu mwaka uliopita. Nilisikia kuku nyuma yake, na mtu akitwanga.

"Barasa alikuja juzi," alisema. "Amenieleza. Amechora chini, kwa mchanga, ndio nielewe." Alipumua. "Mwanangu, mimi nilikusema vibaya. Nilikusema kwa akina mama wa kanisa. Nilisema tuombe, mtoto wangu ameoa ugonjwa."

"Imepita, mama."

"Haijapita. Kesho ni Jumapili. Nitawaambia."

"Mama, usijisumbue. Hata hawanijui. Wasalimie tu."

"Hapana," alisema, na sauti yake ikawa ngumu kidogo, kama ya mtu anayejikaza asitetemeke. "Nilisema nikiwa nimesimama. Nitarudisha nikiwa nimesimama."

Akaniuliza kama kovu limekauka. Nikamwambia limekauka. Akasema asante, akakata, nami nikabaki nimesimama uani na shuka lililolowa maji mikononi, hadi yule jirani wa chumba cha tatu akaja akashika ncha ya pili, tukalikamua pamoja.